Kiti cha Mpiga Besi

Mwene-Ditu, 6 Machi 1994

Mdogo wangu Hervé,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama, nawasalimu wote wanaoulizia hali yangu, na wasioulizia pia, maana salamu bado hazitozwi ushuru. Mimi ni mzima. Hii ni barua ya nne nakuandikia. Tatu za kwanza niliipa posta, na kuipa posta barua siku hizi ni sawa na kuizika shambani, ila shambani kitu huenda kikaota. Hii anakuletea mama mmoja anayefuata unga huko kwenu.

Ninakaa kwa baba mdogo Mathieu, ndugu wa baba yangu, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Ni mtu mwema. Walionipandisha treni pale Likasi waliniambia ninarudishwa kwetu. Tatizo ni kwamba hapa kwetu hakuna aliyeambiwa. Nikifungua mdomo, watoto wanakimbia kuwaita wenzao waje kusikia Tshiluba changu. Baba mdogo anasema kina homa. Sokoni wananiita Mkatanga. Huko Likasi nilikozaliwa niliitwa Mkasai, kwa hiyo nimezoea kuitwa kwa jina la mahali ambapo sipo.

Sina kinyongo na wewe kwa siku ile niliyotolewa nyumbani. Baba yako alikuwa Msanga wa Katanga, ukabaki. Wangu alikuwa Muluba wa Kasai, nikaondoka. Mama yetu ni mmoja, naye hakuna aliyemwuliza.

Sasa neno lililonifanya nitafute karatasi. Msafiri mmoja ameniambia kwamba Les Inoxydables mnatayarisha kaseti ya pili, na kwamba sauti imebadilika. Alisema imekuwa ya taratibu. Hervé, orkestra ile niliiunda mimi kaka yako. Jina nilichagua mimi, kwa sababu baba zetu walishinda kiwandani wakigombana na kutu, na sisi tulitaka tuwe kitu kisichoshika kutu. Kaseti ya kwanza ilikuwa rock: magita mawili yenye hasira, besi yangu mbele, na Ricky akipiga ngoma kama mtu anayedai mshahara. Vijana waliipenda, wazazi wao waliikataa, na ndivyo inavyotakiwa.

Nijibu mambo mawili bila kuzunguka. Sauti imebadilika vipi? Na jina langu litaandikwa kwenye kaseti?

Besi ninayo hapa, umeme sina. Napiga nikiwa nimeliegemeza gita mlangoni ili mbao zinisaidie kusikika. Mke wa baba mdogo ametega mtego, anadhani ni panya.

Yaya wako,
Damas


Likasi, 29 Mei 1994

Yaya Damas,

Mama alipouona mwandiko wako alikaa chini palepale jikoni. Mboga ya sombe iliungua na hakuna aliyelalamika. Alinitaka nisome, nikimaliza nianze tena, mpaka sauti ikanikauka. Tulikuwa hatujui kama ulifika. Watu wengi hawakufika. Nililia, yaya, nakuambia bila aibu.

Hapa tunaendelea. Kiwandani watu wanakwenda asubuhi na kurudi asubuhi hiyohiyo. Ricky anakusalimu. Mama ana afya, amenenepa kidogo hata. Watu wa mtaa wanatupenda sana siku hizi, wanaleta unga, makaa, mara nyingine kuku. Ni ukarimu tu, hakuna la kueleza.

Kuhusu sauti: imebadilika kidogo. Ampli moja iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kupotea muda mrefu. Ya pili ilichukuliwa na watu ambao hawakuacha jina. Batri ya Ricky, ngoma zake zote, ilikwenda pamoja nayo. Basi Ricky ametengeneza karindula, lile banjo kubwa la pipa lililovikwa ngozi ya mbuzi, tulilokuwa tukiwacheka nalo vijana wa Kambove. Sasa tunaona kwamba tulicheka mapema. Mimi napiga gita kavu, lisilo la umeme. Marlène wa kwaya ya parokia anaimba na kupiga makofi. Nyimbo ni zilezile ulizotunga wewe, ila tumezipunguza mwendo, na kelele, na maneno mengine tumeyatoa. Mbali na hayo hakuna kilichobadilika.

Kuhusu jina lako usiwe na wasiwasi. Litaandikwa, tena kubwa kuliko la mtu yeyote.

Mama anasema ule. Mimi nasema usije kwanza, njia si nzuri.

Mdogo wako,
Hervé


Mwene-Ditu, 17 Agosti 1994

Mdogo wangu Hervé,

Salamu kwa mama, nimefurahi kwamba amenenepa. Hapa baba mdogo Mathieu aliugua tumbo, akapona alipoacha kunywa dawa. Mimi nafundisha kuimba kwenye kwaya ya hapa. Wanaimba kwa Tshiluba, nami nawasahihisha kwa Kifaransa, na hakuna anayeelewa, lakini wanaimba vizuri kuliko zamani.

Barua yako nimeisoma kama fundi anavyotazama ukuta uliopakwa rangi upya. Watu wanaleta kuku? Watu wa mtaa ule? Nilipokaa stesheni na wenzangu tukingoja treni, wiki baada ya wiki, mama alikuja kutuletea bukari, ule ugali wa kwetu, peke yake, na majirani walifunga madirisha. Sasa wanaleta kuku. Lisemwalo lipo, na hili lako lina miguu miwili na manyoya.

Jina kubwa kuliko la mtu yeyote sikuomba. Niliomba liwe sawa na mengine.

Na hujaniambia jambo moja. Umetaja karindula, gita kavu, makofi. Nani anapiga besi? Kama mmemweka mtu kwenye kiti changu, mtaje, mimi si mtoto. Nitakasirika, halafu nitapoa.

Wapo wenzangu waliorudi Likasi kimyakimya, na hakuna aliyewagusa. Nataka kuja Noeli. Nikibaki hapa nitazeeka nikitafsiriwa.

Yaya wako,
Damas


Likasi, 20 Novemba 1994

Yaya Damas,

Pole kwa tumbo la baba mdogo. Mama anakusalimu, amepata kanga mpya tatu, zote nyeusi, ni rangi anayoipenda sasa. Mvua zimeanza, paa linavuja upande wangu tu.

Hakuna anayepiga besi. Nakuapia. Hatukumtafuta mtu na hatutamtafuta. Pale ambapo wewe ungeingia, tunanyamaza, tunakungoja, halafu tunaendelea. Tukipiga mbele ya watu, kiti chako kipo katikati na shati lako jekundu liko juu yake, kama tunavyoweka jiwe kwenye foleni ya mkate ili mtu asichukue nafasi ya mwenzake.

Kaseti imetoka. Yaya, sijui nikuambie vipi. Ile ya kwanza ilipendwa na vijana. Hii inapendwa na watu. Tumeitwa Kambove, tumeitwa Mulungwishi kwa walokole wa misheni, ambao kwa gita la umeme wangetuombea mapepo yatutoke. Wazee wanaketi, wanasikiliza, wanafuta macho. Wanaotuelewa wameongezeka sana. Ricky anasema tumekomaa. Mimi nasema umeme ukirudi tutaona.

Ningekutumia moja lakini zimekwisha. Zikipatikana nyingine nitakutumia, ingawa mlio si mzuri, huenda usipende, hakuna haja ya kuisikiliza.

Noeli usije. Reli imeharibika sehemu fulani, sikumbuki wapi. Pasaka pia nadhani itakuwa na matatizo.

Mdogo wako akupendaye,
Hervé


Mwene-Ditu, 12 Februari 1995

Hervé,

Salamu kwa mama. Salamu kwa kanga zake.

Nakueleza kilichotokea. Germain, yule aliyekuwa akiuza betri za tochi sokoni Likasi, siku hizi anazunguka na samaki wa chumvi. Juzi nilimwona hapa mbele ya stesheni, nikafurahi kuona uso wa nyumbani, nikamwendea kwa nyuma na kumshika bega. Aligeuka. Kikapu kikaanguka, samaki wakatapakaa, na yeye akarudi nyuma mpaka ukutani.

“Minye sikukufanyia kintu!” akapiga kelele. “Nililia! Mama yako aliniona!”

Nikamwambia, “Germain, ni minye, Damas.”

“Njo ile naogopa! Weye ulikufaka!”

Ilibidi nile samaki wake mmoja mbele yake ili aamini kwamba mimi si mzimu. Alipoamini alikasirika. Aliniuliza, “Sasa ile bunga bibi yangu alipelekaka kwa mama yako, ilikuwa ya nini?” Nikamwambia unga sikuula mimi. Halafu akatoa kaseti mfukoni, akanipa bure. Alisema hajui kama ni halali kumwuzia mtu kaseti ya matanga yake.

Picha ya kwenye jalada ni nzuri. Asante kwa kuchagua ile niliyovaa koti. Msalaba ni mkubwa kidogo. Jina langu kweli ni kubwa kuliko la mtu yeyote, na chini yake mmeandika mwaka niliozaliwa na mwaka niliokufa. Mwaka niliokufa mngeniuliza, ningewapa unaonifaa.

Nimeisikiliza kwa redio ya jirani. Kama marehemu nina maoni machache. Wimbo wa tatu, Marlène yuko karibu mno na kinasa sauti, anaimeza karindula. Ule wa mwisho mnaanza juu na kumaliza chini, lakini nadhani huo ni uchungu, nimewasamehe. Na pale ambapo besi yangu ingeingia, kweli mnanyamaza. Nilisikia ule ukimya, Hervé, nikalia mpaka jirani akazima redio, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia ni mtu wa orkestra.

Ni kaseti nzuri. Ni nzuri kuliko yetu ya kwanza. Sikuwahi kupiga vizuri kama ninavyokosekana humo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko msalaba.

Sasa niambie kwa nini. Na uniambie kama nina nyumba huko au kaburi.

Damas


Likasi, 23 Aprili 1995

Yaya Damas,

Mama amesikia barua yako mpaka mwisho, akafunika uso kwa kanga, kisha akasema, “Niliwaambia.” Ni kweli alituambia.

Haikuanza kama uongo. Ulipoondoka tulikaa miezi bila habari. Siku ya kwanza kupiga bila wewe, kwenye ukumbi wa parokia, niliweka shati kwenye kiti kukushikia nafasi, kama nilivyokuandikia. Nilisahau kwamba orkestra za kwetu huweka nguo ya mpigaji kwenye kiti akishakufa, mpaka matanga yaishe. Nilikuwa nafikiria foleni ya mkate, yaya, wakati huo tulikuwa tunaifikiria kila siku. Mama Henriette, yule bibi wa karibu na kisima, akaona shati, akaanza kulia kwa sauti. Wengine wakamfuata. Kesho yake asubuhi tuliamka tukakuta watu kwenye mikeka uani, na makaa, na unga.

Mama aliwafukuza. Hawakuondoka, walidhani ni uchungu. Kisha akautazama ule unga. Ilikuwa wiki ambayo hatukuwa na kitu. Alisema hajui kulia kwa uongo, lakini akikumbuka ulivyo mbali analia bila shida. Misa ya marehemu tu ndiyo aliikataa. Alisema watu wakidanganywa watakasirika siku moja kisha wasahau, lakini Mungu ana kumbukumbu.

Barua yako ya kwanza ilipofika ningeweza kusema. Sikusema, na nakuambia kwa nini. Siku moja tukipiga nilimwona mbele yangu mmoja wa wale waliokuja mlangoni petu kukutoa. Alikuwa anaimba kiitikio chako, wimbo wako, na macho yamejaa machozi. Alikuja baadaye akanishika mkono, akasema, “Damas wetu.” Yaya, ulipokuwa hai jina lako tulikuwa tunalitaja kwa kunong’ona ndani ya nyumba yetu. Ulipokufa ukawa mtoto wa Likasi. Maiti haifukuzwi. Nikaona kwamba hiyo ndiyo njia pekee niliyobaki nayo ya kukutaja kwa sauti.

Na sauti yetu mpya imetoka hapo. Tusingekulilia tusingeijua. Ukija, sijui tutapiga nini, sijui nani atakuja kutusikiliza, na Ricky ana watoto. Ingekuwa vizuri labda ungoje mpaka kaseti ya tatu. Lakini wewe ndiye yaya. Amua wewe, nami nitafuata.

Hervé


Mwene-Ditu, 4 Juni 1995

Hervé,

Salamu kwa mama. Mwambie simkasirikii, unga ni unga.

Uamuzi sikubali kuuchukua. Nilifukuzwa, sikuulizwa. Nikafa, sikuulizwa. Sasa unaniuliza kama nije nyumbani kwetu.

Hukutaka tuzungumze habari ya siku ile mlangoni, nami nikakunyamazia. Walipokuja walikuuliza, “Uyu ni nani kwako?” Ukatazama chini. Walikuwa wengi, ulikuwa na hofu, ningeogopa pia. Mimi mwenyewe nilijibu badala yako, nikasema mimi ni mpangaji tu. Nilisema hivyo ili usipigwe, na sijutii. Lakini swali lile halikuwa langu, mdogo wangu. Nimelibeba mpaka Kasai na limenichosha.

Lijibu wewe, mbele ya haohao. Usipoweza, nitabaki hapa na sitakuandikia tena, maana marehemu kuandika barua ni utovu wa adabu.

Damas


Likasi, 27 Agosti 1995

Yaya Damas,

Mama anakusalimu. Ametoa kanga nyeusi, amevaa ya maua. Amepungua mwili. Anaimba jikoni kuanzia asubuhi na hakuna anayeweza kumnyamazisha.

Tulipiga Jumapili baada ya misa, ukumbi wa parokia, umejaa. Nilingoja wimbo wa tatu, pale tunaponyamaza. Badala ya kuendelea nikasimama. Marlène alinishika kwa nyuma. Nikasema:

“Bantu ba Likasi, Damas hakufaka. Iko muzima, iko Mwene-Ditu. Ni ndugu yangu. Mama yetu ni moya. Nilibadanganya.”

Kisha mtu mmoja nyuma akapiga kelele, “Muturudishie machozi yetu!” na ukumbi ukapasuka. Walirusha walivyokuwa navyo. Ricky, ambaye hakuwa amesema neno, alipigwa kiatu usoni. Ni kiatu kizuri, tunaulizia cha pili. Mama Henriette alisimama juu ya benchi kuuliza kama unakula vizuri huko. Na yule bwana wa “Damas wetu” aliinuka, akaangusha kiti chake, akasema mlangoni ili wote wasikie, “Bale bantu, ata kufa banakufaka na bongo!” Yaani hata kifo cha Wakasai ni cha uongo. Nusu ya watu walimfuata. Nilimtazama usoni mpaka akatoka, yaya. Sikutazama chini.

Sasa habari mbaya zote kwa pamoja. Mwenye duka la kaseti ameturudishia zilizobaki. Harusi mbili zimetutoa. Mulungwishi wametuma mtu kusema wanatuombea, na namna alivyosema haikuwa ya upendo. Unga hauji. Ricky hasemi nami, ila anakuja mazoezini na kupiga karindula akiwa amenipa mgongo. Hatuna mlio wa zamani na hatuna haki tena ya huu mpya. Itabidi utufundishe wa tatu.

Waliobaki ukumbini hawakuwa wengi. Walitaka kujua treni yako itafika lini. Niwaambie lini? Nitakuwa stesheni mchana, nitasimama mbele, nitakubebea mzigo mpaka nyumbani kwa njia ya sokoni.

Sitakudanganya tena, si wote wanaokutaka. Waliokuchukia wameanza kukuchukia upya, kama anavyochukiwa mtu aliye hai. Njoo.

Ndugu yako, wa tumbo moja,
Hervé